Muulize Mjomba Sinema: Michael Douglas Hakuliwa Tsavo

Anayejibu ni Mjomba Sinema wa Voi, ambaye hutazama filamu zote na kulipia baadhi yake.

Mjomba, shikamoo. Mimi huzungusha watalii Tsavo. Kila tukifika kwenye daraja la reli, lazima mmoja aulize Michael Douglas aliliwa wapi. Siku moja, kwa tamaa ya bakshishi, nilimwonyesha kichaka. Sasa madereva wenzangu nao wanakionyesha, na mmoja amekiongezea kaburi. Nifanyeje?
Mwenye Kichaka, Voi

Marahaba. Kwanza kaburi ling'olewe. Huyo Remington aliyeigizwa na Douglas katika The Ghost and the Darkness (1996) hakuzaliwa, seuze kuliwa. Alitungwa tu ili filamu ipate stelingi wa pili. Kichaka chako nacho hakimo, maana picha zilipigwa Afrika Kusini. Hata simba ni wa kuazima: wana manyoya shingoni kama wametoka saluni, ilhali madume wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa nayo.

Ya kweli yanatosha kukulisha. John Patterson, mhandisi wa daraja hilo, aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huohuo. Baadaye alidai walikula watu 135. Wanasayansi waliochunguza manyoya na mifupa yao wakakadiria 35 hivi. Patterson naye aliwafanya mazulia. Naam, wala watu wa Tsavo walikanyagwa kwa viatu miaka 25 hivi, hadi mwaka 1924 ngozi zao zilipouzwa dola 5,000 kwa makumbusho ya Field, Chicago, na huko ndiko waliko mpaka leo. Msimulie mgeni hayo polepole, gari likiwa limezimwa, uone kama bakshishi haitashinda ya kichaka.

Filamu yenyewe ni tamu ukiifumbia macho, na hilo si tusi. Oscar iliyopata ilikuwa ya uhariri wa sauti. Zile nyasi zinapochakarika kabla simba hajatokea, mimi bado huinua miguu juu ya kiti.

Mjomba, nafuga nyuki Sagalla. Tangu kibanda cha video kionyeshe The Beekeeper, vijana wananiita Statham. Juzi mama mmoja aliyetapeliwa kwa simu alikuja kuniomba nikawachomee matapeli ofisi yao.
Mzee wa Mizinga

Mzee mwenzangu, mama huyo ameielewa filamu kuliko wachambuzi. Bibi kizee anafyonzwa akiba yote na matapeli wa kompyuta, anajiua, na Jason Statham, mpangaji wake, anakwenda na madumu ya petroli kuliteketeza jengo lao. Hadithi ni nyepesi kama chapati ya maji, na mafumbo ya nyuki na malkia yamezidi mno. Lakini hapa kwetu nani hajapigiwa simu na sauti ya upole inayosema imetuma pesa kimakosa, irudishiwe? Watu hawakuja kutafuta hadithi. Walikuja kuona lile jengo likiungua, na lilipoungua kibanda kizima kilisimama.

Kwa ufugaji, hata hivyo, Statham ni aibu. Asali ni ya dakika chache, kazi iliyobaki ni kuvunja watu viuno. Wewe umelizungushia shamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa tu, mizinga inatikisika, nyuki wanamiminika, na jitu la tani tano linageuza masikio kurudi mbugani. Bila petroli! Nani atatutengenezea filamu hiyo? Mama mpeleke polisi akaripoti, kisha umpe chupa ya asali.

Mjomba, mume wangu ni dereva wa lori, mwili jumba. Tulipotazama The Wild Robot na watoto, nilimfuata jikoni nikamkuta analia. Akasema ni kitunguu. Siku hiyo hatukuwa na kitunguu.
Mama Watatu, Mwatate

Mumeo mzima kabisa. Roboti anamlea kifaranga yatima wa bata bukini, kisha anamfundisha kuruka ili aondoke. Mzazi aliyewahi kusukuma sanduku la bati hadi lango la shule ya bweni ataponea wapi? Na sauti ile ni ya Lupita Nyong'o wetu: inaanza baridi kama mashine ya benki, halafu inapata joto kidogo kidogo bila wewe kushtukia.

Ila akililia Mufasa: The Lion King, ambayo kama hiyo ya roboti ni ya mwaka 2024, hapo mpeleke hospitali. Simba wale wamefanana na wa kweli mpaka nyuso zimekufa ganzi; sikuweza kumtofautisha anayefiwa na anayesinzia. Katuni ya 1994 ilijijua kuwa katuni, na hata mtoto ambaye babu yake ameliwa mbuzi na simba aliikubali ikiimba.

Mjomba, nilimpeleka mchumba Mombasa kutazama Mission: Impossible. Mimi nimelelewa na DJ Afro, yule mtafsiri wa filamu, basi nikaanza kutafsiri kwa sauti. Walinzi walinitoa. Yeye alibaki hadi mwisho.
Kijana, Taveta

Hiyo Mission: Impossible, The Final Reckoning (2025), inakaribia saa tatu nzima, na saa ya kwanza ni maelezo matupu. Hapo ulikuwa na haki ya kutafsiri. Lakini Tom Cruise aliponing'inia kwenye ndege ya kweli hewani, maneno ya nini? Mpigie mchumba simu leo, umuulize kama Cruise alidondoka. Akianza kukusimulia, mwache amalize.