Nimeingia Menjo Mara ya Pili

Baba, bibi yangu Kogo, na nyote mlioko Soin,

Kogo, juzi simu ilikatika pale ulipouliza ni nani aliyesinzia mlangoni hadi wasichana wakaingia menjo, kibanda cha vijana wa jando. Ni salio langu lililokwisha, si hoja. Naandika kabla habari haijafika sokoni Kaitui ikiwa imeota mkia.

Kwanza, tuwaombe radhi watu wa Kericho mjini. Tulikuwa tukitoka huko kwenye miwa na jua letu, tukifika kwenye majani chai tunatetemeka na kulalamika. Hapa Minnesota jana ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Nilitoka kuoga nikaenda darasani na nywele mbichi; nilipofika, zilikuwa zinagongana kama vijiti.

Sasa jando lenyewe. Hakuna kisu, Kogo. Ni chama cha wanafunzi wa uhandisi, aina ya vyama wanavyoviita frataniti, yaani undugu. Majina yake ni herufi za Kigiriki, ingawa Mgiriki sijamwona hata mmoja. Kongwe kati ya vile vya uhandisi, Theta Tau, kilianzishwa jimboni humu mwaka 1904 na wanafunzi wanne. Changu ni kingine, na jina silitaji kwa sababu nimekula kiapo. Niliwaambia kwamba kwetu marika ya kina Maina, Chumo, Sawe na Korongoro huzunguka na kurudi tena, na hakuna aliyewahi kuwaandikia katiba. Walinyamaza kwa heshima, kisha wakaniteua katika kamati ya katiba.

Motiriot wangu, yaani mlezi wangu wa jando hili, ana miaka 20, mimi 23. Yeye ananifundisha siri za chama, mimi namfundisha kufua soksi. Mtihani mmoja ulikuwa kukariri alfabeti ya Kigiriki kabla njiti ya kibiriti haijakuunguza kidole. Mimi niliyekoka moto kwenye mafiga ya Kogo tangu darasa la pili nilimaliza nikawauliza kama kuna sufuria ya kuinjika. Baba, usihofu: kutesa wageni ni marufuku, na Desemba 2024 Rais Biden alitia sahihi sheria ya kuvitaka vyuo vitangaze visa vya namna hiyo. Kwa hiyo wananitesa kwa mikutano.

Kosa langu lilikuwa kimbelembele. Niliwasimulia habari za Kiprugut arap Chumo wa kwetu Kericho, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Siku ya mbio za kupokezana wakanipa zamu ya mwisho. Nilipokea kijiti tukiwa wa kwanza. Baba, wewe ndiwe uliyekuwa ukinilipia bodaboda kwenda shule, kwa hiyo yaliyofuata unayajua.

Kuhusu wasichana: chama ni cha taaluma, basi nao wamo, 15 kati yetu 40, na wote wanaitwa kaka. Kaka mmoja ana hereni zinazogusa mabega, na ndiye mweka hazina. Ni mpole sana, ila kila Ijumaa ananikumbusha ada: dola 400 kwa muhula, zaidi ya shilingi 50,000 za huko.

Kogo, yule ndama uliyenipa nilipotoka menjo ya kwanza, sasa amekuwa mkubwa kiasi gani? Nauliza tu.

Mwanenu wa Minnesota