Kwa Heshima ya Pointi

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kahawa chungu ina watetezi wake. Pointi za distributa hazina hata mmoja. Ni vipande viwili vya chuma, uso wa kila kimoja haupiti punje ya dengu, vinavyogusana na kuachana ndani ya injini za magari ya zamani. Kila vinapoachana, koili inatema moto kwenye plagi. Mmarekani Charles Kettering aliunda mfumo huo wa betri, koili na pointi, Cadillac wakauweka kwenye magari yao ya 1910, na tangu hapo madereva hawajachoka kuzilaani. Laana hizo ni utovu wa shukrani. Pointi ndizo kifaa pekee garini kinachokosea kwa adabu.

Tazama kwanza mzigo zinaobebeshwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inadai cheche 100 kila sekunde, na kila cheche itangulie kidogo kabla pistoni haijafika juu, maana petroli haiungui yote papo hapo. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga kama kokoto ndani ya sufuria; ikichelewa, gari linakosa nguvu na joto linapanda. Sasa, kile kisigino cha faiba kinachosugua kwenye kemu kinalika kidogo kidogo, uwazi wa pointi unapungua na taimingi inachelewa. Chuma nacho kinahama: upande mmoja panaota kichuguu, upande wa pili panachimbika kishimo, na fila geji ya kupimia uwazi ikipita juu ya kichuguu inakudanganya mchana kweupe. Lakini hakuna linalotokea usiku mmoja. Kwanza gari linasumbua kuwaka asubuhi, kisha linapanda mlima kwa kusitasita, kisha linaanza kumisi. Hizo ni barua tatu za onyo. Ni waajiri wangapi wanaofika hata ya pili?

Kuzituliza nako si kazi ya mganga. Chukua Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 likitegemea pointi hizi hizi. Uwazi ni milimita 0.4, na kwenye injini zake nyingi za zamani cheche inatakiwa digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu. Uwazi hupimwa kwanza, kwa sababu ukiugusa, taimingi nayo inahama. Anayeanza na taimingi atarudia kazi, na anastahili. Kisha unazungusha puli, rota ikiwa imeelekea silinda ya kwanza, mpaka alama ilingane na mstari wa maungio ya injini. Unafungua swichi, unaunganisha taa ndogo kati ya koili na bodi, unalegeza nati ya distributa, halafu unazungusha distributa yenyewe taratibu kinyume cha saa. Taa imezima, bado imezima, mara inawaka: hapo ndipo pointi zimeachana. Umeipita? Rudi nyuma, anza upya. Kwa bisibisi, spana na balbu ya bei ya chai, umeiona kwa macho saa ya moto kuwaka.

Watasema mfumo wa elektroniki hauna kisigino cha kulika, haupimwi, na unapiga cheche kwa usahihi ambao pointi hazitaufikia kamwe, hasa ekseli ya distributa ikishalegea. Kweli tupu. Ila kisanduku chake hakiandiki barua. Siku kikifa kimekufa, na ukiwa porini msasa hauna la kukifanyia. Mwingine atanikumbusha kondensa, anayeishi pamoja na pointi na anayeweza kufa ghafla bila kuaga. Nakiri, huyo hana adabu; lakini tangu lini mtu akahukumiwa kwa makosa ya jirani yake? Na wa tatu atauliza nani siku hizi ana muda wa kuinama juu ya injini kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Huyo mwenye haraka ndiye hasa aliyeletewa pointi, kwani ni nini kingine garini kitakachomlazimisha kusikiliza injini yake kabla haijanyamaza?

Basi ukimwona mtu ameinama nyuma ya Beetle na taa ndogo mkononi, usimpigie honi. Gari lake halijaharibika. Anajibu barua ya kwanza.