Mhariri Asiyeuliza

Sed, programu iliyoandikwa na Lee McMahon katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1973 hadi 1974, huhariri maandishi mstari kwa mstari bila kumuuliza mtu chochote. Agizo s/Jumatatu/Jumanne/ hubadilisha Jumatatu ya kwanza tu ya kila mstari. Nyingine hungoja herufi g mwishoni mwa agizo. Faili lenyewe haliguswi: matokeo humwagwa kwenye skrini, na mwenye skripti hujipongeza kwa kazi isiyohifadhiwa popote. Mjuaji huyaelekeza kwa alama ya > kwenye faili lile lile. Sheli, programu inayopokea maagizo, hufuta kwanza yaliyomo, kisha sed husoma utupu kwa utiifu mkubwa. Chaguo la -i, la kuhariri faili lenyewe, lipo, ila sed ya GNU huliridhia likiwa tupu, ilhali ya macOS hudai kiambishi cha nakala ya akiba. Mwenye mashine zote mbili na aandike kwenye faili jipya, kisha alibadilishe jina.