Nyama Inayomwagika

Iowa, jimbo la katikati ya Marekani, lina mahindi kila upande, nguruwe wengi kuliko watu, na chakula kimoja ambacho mgeni akikiona mara ya kwanza hudhani mpishi ameitwa mlangoni akaacha kazi njiani. Ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, imepikwa ikachambuka chembechembe, kisha ikachotwa na kujazwa kwenye mkate wa baga. Haikufinyangwa, haina mchuzi, haina yai wala chenga za mkate za kuishikiza. Juu yake kuna kitunguu kilichokatwakatwa, haradali na vipande vya tango la siki. Ukiuma kulia, nyama hutokea kushoto. Ndiyo maana mikahawa mingi ya huko humpa mteja kijiko pamoja na mkate, na wazee wenye heshima zao hukitumia mbele za watu.

Chakula hiki kina umri wa karne moja. Katika mji wa Sioux City, David Heglin anatajwa kuwa alikuwa akiiuza nyama ya namna hii mwaka 1924. Miaka miwili baadaye, mwaka 1926, mchinjaji aitwaye Fred Angell alifungua mkahawa wa Maid-Rite huko Muscatine, kando ya mto Mississippi, na jina hilo likasambaa Iowa nzima. Marshalltown ilipata tawi lake mwaka 1928, ambalo bado lipo na linajulikana kama Taylor's. Ottumwa nayo ina Canteen, biashara iliyoanza mwaka 1927, katika kibanda kilichojificha uchochoroni. Mji ulipotaka jengo la kuegesha magari, haukukivunja. Jengo lilipandishwa juu yake, na hadi leo watu hukaa kuizunguka kaunta yake wakila kwa kijiko, magari yamelala juu ya vichwa vyao.

Televisheni nayo ilichangia. Katika tamthilia ya ucheshi ya Roseanne, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1988, mhusika mkuu na wenzake walifungua mgahawa wa kuuza mikate hiyohiyo. Mwaka 1993 mwigizaji mwenyewe, Roseanne Barr, na mumewe wa wakati huo, Tom Arnold, wakafungua mgahawa wa kweli huko Eldon, Iowa, kijiji chenye ile nyumba ndogo aliyoichora Grant Wood mwaka 1930, nyuma ya mkulima aliyeshika uma wa nyasi na mwenye uso usiocheka. Mgahawa haukudumu. Nyumba ipo.

Sasa Iowa ina wasemaji wa Kiswahili pia. Des Moines, Iowa City na Waterloo zimepokea Wakongo wengi, na Warundi ambao baadhi yao walikulia kambi za Kigoma kabla ya kuvuka bahari, na Watanzania wachache waliofuata masomo au kazi. Miongoni mwa hao wachache yupo bwana mmoja, mzaliwa wa Tanga, mfanyakazi wa ghala, ambaye wenzake wa zamu walimpeleka siku moja kula mkate huo. Aliupenda. Kilichomkosha zaidi ni urahisi wake: nyama, chumvi, kitunguu, basi. Jumamosi iliyofuata akamtangazia mkewe kwamba jikoni leo ataingia yeye.

Mkewe ni fundi wa sambusa, wa kuitwa kwenye maharusi. Alimtazama mumewe akifungua pakiti ya kima, akauliza, "Baba watoto, nikusaidie?"

"Hii haina ufundi, mama. Ni nyama na mkate tu."

Yapo maneno ambayo mwanamume akishayatamka jikoni, jiko huyasikia.

Kosa la kwanza lilitoka mikononi mwake mwenyewe. Amekulia nyumba ya kababu, na kababu haifanyiki bila kukandwa. Akaiweka nyama kwenye bakuli, akatia chumvi, akaifinya, akaigeuza, akaifinya tena hadi ikaanza kunata vidoleni. Kwa kababu hapo angepongezwa. Chumvi huyeyusha sehemu ya protini za nyama, na kukanda huzitandaza zikawa gundi. Moto ukizipata, hukaza na kushikilia kila kitu pamoja. Ndiyo siri ya kababu isiyovunjika kwenye mafuta. Kwa mkate wa Iowa ndiyo maangamizi, kwa sababu nyama hii kazi yake ni kutengana, na chumvi yake hungoja chembe zishaachana.

Kikaango kilikuwa kimeshapata moto hadi kinafuka. Akaidondosha nyama yote kwa mkupuo. Ikalia "chwaaa", ikaganda chini, na alipojaribu kuivuruga kwa mwiko ikageuka nzima nzima, bapa, kahawia chini na nyekundu juu. Akaanza kuikatakata kwa ncha ya mwiko. Mabonge yakawa madogo, lakini yakabaki mabonge, mengine ya ukubwa wa karanga, mengine ya ukubwa wa limau.

Hapo king'ora cha moshi kikaamka.

Aliyewahi kukaanga dagaa kwenye nyumba za kupanga za Marekani anakijua kifaa hiki. Hakina subira na hakitofautishi mapishi na msiba. Mtoto mkubwa, ambaye ndiye mwenye zamu ya jambo hilo, alivuta kiti, akapanda, akaanza kukipepea kwa kanga ya mama yake, huku mdogo wake akifungua madirisha na baridi ya Novemba ikiingia bila hodi. Mama alikuwa sebuleni. Hakuinuka. Alichofanya ni kuongeza sauti ya televisheni.

Katikati ya kelele bwana yule akakumbuka kitu. Pale mkahawani nyama ilikuwa laini, ina unyevu, haijaungua. Kumbe kuna maji! Na kweli yapo: wapishi wengi wa Iowa huipika nyama hii kwa maji kidogo au supu, na moto wa wastani. Akakinga kikombe bombani, akamimina. Akaona kidogo, akamimina kingine. Maji hayawezi kupita nyuzi 100 za joto kabla ya kuwa mvuke, na nyama haishiki rangi ile ya kahawia hadi ifike karibu nyuzi 140. Kwa hiyo kila kilichokuwa kimeanza kukaangika kikaacha, kikaanza kuchemka. Mabonge yakawa ya kijivu yakielea.

Mke alipita kuchukua glasi. Akachungulia. "Hiyo supu tutaila na nini?"

Sasa inakuja sehemu inayosikitisha zaidi, maana mpaka hapo chakula kilikuwa bado kinaokoleka. Chakula kikiharibika kwenye jiko la pwani, mkono huenda kabatini wenyewe. Ukatoka na tangawizi, thomu, binzari nyembamba na pilipili manga. Halafu nyanya ya kopo, ili kuondoa ule ukijivu. Kwa kijiko hicho kimoja cha nyanya bwana alivuka mpaka bila kujua. Nyama ya kusaga yenye mchuzi wa nyanya ndani ya mkate ni chakula kingine kabisa, ambacho Marekani nzima inakijua kwa jina la sloppy joe, na tangu mwaka 1969 mchuzi wake umekuwa ukiuzwa tayari kwenye kopo liitwalo Manwich. Si kibaya. Lakini mtu wa Sioux City ukimwambia ni kitu kilekile, atakujibu kwa upole wa kwao, na hatakuja tena kwako kula.

Mafuta nayo yalikuwa yakingoja. Pakiti iliandikwa 80/20, yaani asilimia 20 ya kilichomo ni mafuta. Sheria ya Marekani inaruhusu hadi asilimia 30. Nyama ya namna hiyo ikiiva huachia dimbwi, na bwana akalimwaga dimbwi hilo, la motomoto, kwenye sinki. Mafuta ya ng'ombe yakikutana na bomba la baridi huganda. Maji ya sinki yakasimama, yakatulia, yakaanza kupanda taratibu. Shughuli ya fundi wa bomba inahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba bei yake ingenunua ng'ombe sehemu nzuri.

Mke akaingia jikoni. Hakusema neno, jambo lililomtia mumewe hofu kuliko king'ora. Alitoa pakiti ya pili kwenye jokofu, akachukua sufuria baridi, akaweka nyama pamoja na maji yasiyojaza hata nusu kikombe, akaanza kuichambua kwa uma kabla moto haujawashwa. Chembe zikaachana majini, zikalegea kama uji mzito. Ndipo akawasha, moto wa kati, akikoroga bila kusimama na kuyafinya kwenye ukuta wa sufuria mabonge yaliyotaka kujitokeza. Nyama ilipopoteza wekundu wote akatia chumvi na kitunguu, akaacha maji yakauke hadi sauti ya sufuria ilipobadilika kutoka kuchemka kuwa kukaangika. Akaegemeza sufuria upande mmoja, akakomba mafuta kwa kijiko na kuyatia kwenye kopo tupu.

Bwana alitazama akiwa amekunja mikono. "Umejifunza wapi hiyo?"

"Si kima cha sambusa hiki?"

Ndivyo. Kima cha sambusa lazima kiwe kikavu na kimeachana, la sivyo manda zinalowa na kupasuka ndani ya mafuta. Mchinjaji wa Muscatine na mama wa Tanga walikumbana na tatizo lile lile, wakaligawana: mmoja akaifungia nyama pembe tatu, mwingine akaiacha ijitafutie njia.

Ilijitafutia. Mikate ilikuwa imepashwa juu ya mvuke wa sufuria, laini kama inavyotakiwa, na nyama ikashindiliwa kwa kijiko. Mtoto mdogo aliuma, nyama ikashuka kwenye mkono wa sweta na kuingia ndani. Mkubwa alikula ameinamia sahani, akafanikiwa. Baba, akitaka kuonyesha jinsi wenyeji wanavyokula, alikaa kwenye kochi la rangi ya maziwa. Kochi hilo sasa lina kitambaa cha kudumu.

Ukabaki ugomvi wa viungo vya juu. Taylor's ya Marshalltown kwa miaka mingi haikutoa kechapu, na jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba ilifika mahali wateja wakaulizwa kwa kura. Bwana alikuwa amelisikia hilo kazini, akalisimulia mezani kwa sauti ya mwalimu: haradali sawa, tango la siki sawa, kitunguu sawa, kingine chochote ni kuwakosea wenye chakula chao. Alipomaliza, mkewe alikuwa ameshafungua chupa ya chatne ya ukwaju na anaimimina juu ya mkate wa pili.

"Mama, kule walipiga kura."

"Kule," alisema mkewe, akampitishia chupa mtoto mkubwa.