Popote ni Shilingi Mia

Hapa Litein, Kericho, ukionekana barabarani saa kumi jioni lazima uwe na unakokwenda. Kuna wanaokwenda sokoni, kuna wanaorudisha ng'ombe, kuna wanaokimbiza majani chai kituoni kabla lori la kiwanda halijaondoka. Asiyekuwa na mojawapo ya haya hutiliwa shaka, kisha huonewa huruma, mwishowe hupewa kazi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu jioni ikiingia watu hujaa Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo, wanatafuna mihogo ya pilipili, na hakuna anayemuuliza mwenzake ameamkia wapi wala atalala wapi. Kwa hiyo daktari aliponiambia presha yangu inataka nitembee taratibu kila jioni, bila mzigo wala haraka, nilimshukuru kwa dawa ya bure.

Wa kwanza kunitoza alikuwa kijana wa bodaboda.

"Mwalimu, panda twende."

"Natembea tu."

"Sawa, mpaka wapi?"

"Popote."

Akafikiri kidogo. "Popote ni mia."

Kabla sijafika kona ya pili simu ya mke wangu ilikuwa imeshalia. Jirani alikuwa na ripoti: "Mama, mwalimu amepita hapa polepole, mikono mgongoni. Kwani mmekosana?"

Wakoloni walituachia sheria ya kuwakamata wazururaji, na Bunge likaifuta mwaka 1997. Habari hizo hazijafika mtaani kwetu.

Nikaona afadhali nikimbie, maana huku mkimbiaji haulizwi kitu. Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, na tangu hapo mtu akipita mbio hupishwa njia. Nilipishwa kweli. Kisha watoto wa darasa la pili wakanipita, mabegi mgongoni, wakanisalimia kwa adabu, "Chamgei, mwalimu," nami sikuwa na pumzi ya kuitikia.

Nilikuwa nimeegemea nguzo ya umeme, natweta, aliponikuta kogo, bibi mmoja wa jirani, na kapu lake la majani chai.

"Unangoja nani, mwalimu?"

"Simngoji mtu, kogo. Natembea."

"Huna kazi?"

"Leo sina."

"Mungu ni mwema," akasema, akanitwika kapu.

Njia nzima alinifunza. Nisilikumbatie kapu, maana majani yakikandamizwa hupata joto na kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Kituoni yalimwagwa juu ya gunia, nikaambiwa nichague: majani mawili na chipukizi yabaki, yale magumu niyatoe. Karani alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa shule. Alichukua ukonyo mmoja niliouacha, akauinua mbele ya foleni nzima, akauliza, "Hii ni chai au ni kuni?" Kogo akamjibu kwa niaba yangu kwamba nimetoka pwani, na foleni ikanisamehe. Mvua ikashuka, ile ya mawe, tukajibana sote chini ya bati, na hapo nikaagizwa kumpelekea fundi viatu ujumbe na kumpitishia mama wa kanisa kuku wake. Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Presha sikuipima.

Mwenzangu wa ofisini, mtu wa Bomet, alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, huku hatutembei mikono mitupu. Beba jerikeni."

Ushauri wake ni wa dhahabu. Siku hizi natoka na jerikeni ya lita tano, tupu, natembea nipendavyo, nasimama kutazama mashamba mpaka nichoke, na hakuna anayenigusa. Anayeniona anajua mwalimu anafuata maziwa. Shida imekuwa moja tu: juzi mwenye ng'ombe aliniita kwa heshima zote, akaijaza mpaka shingoni, akanyoosha mkono apewe pesa zake.