Jinsi ya Kutembelea Mto wa Barafu Bila Kuuona

Kwanza tafuta ndugu Calgary. Siku hizi si kazi: kila ukoo una shemeji huko, anailaani baridi kila mwaka na harudi. Mwambie akupeleke Athabasca, ule mto wa barafu wa magharibi mwa Kanada, ndani ya hifadhi ya Jasper. Mwambie usiku, mkiwa mmeshashiba, ili asubuhi pasiwe na muda wa kujiandaa.

Barabara inaitwa Icefields Parkway, kilomita 230 hivi kutoka Lake Louise hadi mjini Jasper, milima imejipanga kulia na kushoto. Walianza kuichonga mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, vibarua wengi wakiwa watu waliokosa kazi, ikakamilika 1940. Wewe utaimaliza kwa siku moja, mkigombania nani akae dirishani.

Mafuta usijaze. Bei ya Lake Louise utaiona kubwa, basi jiambie kwamba mbele kuna nafuu. Mbele kuna kituo kimoja tu, Saskatchewan River Crossing, na ukifika hapo utaikumbuka bei ya Lake Louise kwa mapenzi. Majira ya baridi hata hicho hufungwa. Ramani nayo iache mtandaoni, maana sehemu kubwa ya njia simu haishiki. Ndipo gari zima litakapogeuka dereva, kila mtu akiijua njia kuliko mwenzake, na njia yenyewe ni moja.

Ziwa Peyto lina rangi ya samawati ambayo mtu wenu mmoja ataapa kwamba imetiwa. Haikutiwa: barafu husaga mwamba, na unga wake laini huelea majini na kutawanya mwanga. Usipoteze muda na hayo. Lipe ziwa mgongo, piga picha ya uso wako, twende.

Mkikuta magari yamesimama ovyo katikati ya barabara, hapo pana dubu. Hifadhi inataka umbali wa mita 100, na shemeji atang'ang'ania mbaki garini. Msamehe, ughaibuni umemlainisha. Ila andazi usimrushie mnyama. Faini ya kulisha wanyama inaweza kufika dola 25,000, na hakuna iliki duniani yenye thamani hiyo.

Athabasca, shuka na kandambili. Upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu hauna habari kwamba ni Julai. Shangazi atajifunga khanga ya pili kichwani na kutangaza kwamba ameshaona, anarudi garini. Nyie wengine fuateni njia ya kokoto yenye vibao vya miaka. Kila kibao kinaonyesha barafu ilipoishia mwaka huo. Katikati ya karne ya 19 ilifika pale inapopita barabara sasa. Tangu hapo imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu, na kila msimu inazidi kurudi, kama mdaiwa aliyesikia hodi. Sisi wenye kubisha hodi tumekuja na injini, na pale maegeshoni nusu yazo zinanguruma bila kwenda popote, watu wasisikie baridi.

Mwisho wa njia pana kamba. Ng'ambo yake theluji hufunika nyufa za kina kirefu, na watu wamekufa humo. Anayetaka kwenda huenda na kiongozi. Asiyetaka kutembea hulipia basi lenye matairi ya kufika kifuani, limpandishe juu ya barafu yenyewe. Huko atateka maji kwenye chupa, atalalamika kwamba ni ya baridi, kisha ataitwa arudi ndani.

Mtandao ukirudi, mwaga picha zote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba ataandika, "Mashallah, hapo ni Kilimanjaro?" Mjibu ndiyo, usimchoshe mzee.