Barua ya Wazi kwa Idara za Matangazo ya Nje za Kaunti 47

KUH: BANGO LA MUDA LA MFANYABIASHARA MDOGO

Bango la muda ni maandishi yoyote yanayotundikwa, kuegemezwa au kubandikwa ili mpita njia ajue kwamba hapa pana chapati. Nchini Kenya hatima yake imo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, inayozigawia kaunti kazi zake. Biashara, masoko na leseni viko nambari 7. Matangazo ya nje hayakuwekwa huko. Yako nambari 3, pamoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo kuuza chapati ni biashara, lakini kusema kwamba chapati zipo ni suala la kuamuliwa pamoja na moshi wa viwandani na spika za usiku wa manane. Idara zisilaumiwe; zilizaliwa katika sentensi hiyo.

Kero za kawaida huondolewa. Hii ya bango hulipiwa. Mwenye moshi akilipa, moshi hubaki kuwa moshi. Mwenye bango akilipa, bango huacha kuwa kero papo hapo na kuwa chanzo cha mapato. Msingi wa malipo hayo umo katika Ibara ya 209 ya Katiba hiyo, inayoziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, kodi nyingine iliyoidhinishwa na Bunge na, zaidi ya hapo, malipo kwa huduma zinazozitoa. Bango si ardhi wala burudani, basi laangukia kwenye huduma. Huduma yenyewe si rahisi kuiona. Kamba ni ya mwenye duka, misumari ni yake, ukuta ni wa landilodi, na kulisoma ni kazi ya mpita njia. Idara inabakiwa na kulitazama, na kutazama nako ni kazi.

Bei hutajwa na Sheria ya Fedha ya kila kaunti, inayopitishwa na bunge la kaunti. Orodha huwa ndefu, na iliyoiandika ni kalamu isiyopenda kusahau: bango kubwa la barabarani, maandishi ya ukutani, kibao cha mlangoni, bango la kitambaa, mwavuli wenye nembo, bendera, karatasi za kugawa kwa mkono. Mabango makubwa hupimwa kwa mita mraba. Lile la kitambaa kwa kawaida hupewa maisha mafupi, kama wiki mbili au mwezi. Hesabu hiyo yafaa kwa kampuni ya magari yenye ofa ya mwisho wa mwaka. Kinyozi aliyetundika "Tumehamia Hapa" ana shida nyingine: kibali cha wiki mbili huisha kabla nywele za mteja wa kwanza hazijaota kiasi cha kumrudisha kitini.

Vipo vitu ambavyo orodha huvipapasa tu. Kibandiko cha Lipa na M-Pesa kilicho karibu kila kaunta, je, kinalitangaza duka au kampuni? Na duka lililopakwa rangi bure na kampuni ya simu, nani mwenye tangazo? Mmoja alipata rangi, mwingine akapata ukuta mzima, lakini ofisa akibisha, anayepatikana ni mmoja tu.

Mahali pa kutundika napo pana wenyewe. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 iliunda mamlaka za KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za mashambani), na hifadhi za barabara zinazozisimamia ziko mikononi mwao. Mama mboga anayesimamisha kibao kando ya njia anapaswa kujua kwanza kama barabara hiyo ni kuu, ya mjini au ya mashambani, jambo ambalo hata shimo lililo katikati yake bado linaulizia. Kwa upande wa kuta, Mombasa ilikwenda mbali zaidi mwaka wa 2018, ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, hilo lisemwe. Wachoraji wa kuta walibaki na rangi mbili.

Gari la mkate lenye jina ubavuni nalo ni bango, ila lina magurudumu. Likitoka Nairobi kwenda Mombasa hupita kaunti kama Machakos, Makueni, Taita Taveta na Kwale, na wenye viwanda wamelalamika miaka mingi kuhusu kutozwa ada ya chapa katika kaunti moja baada ya nyingine. Ibara hiyohiyo ya 209 inazikataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yao. Kuisoma ni bure.

Kundi lenye afya kuliko yote ni mabango ya siasa. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, kuta, nguzo za umeme na vituo vya matatu vilijaa nyuso za wagombea, wakiwemo wa bunge la kaunti, yaani wapitishaji wenyewe wa Sheria ya Fedha. Ya karatasi hayana wiki mbili. Huondolewa na mvua. Ya plastiki huishi maisha ya pili: paa la kibanda, banda la kuku, tandiko la nyanya sokoni. Je, muuza viatu ambaye turubai lake lina uso wa mheshimiwa na ahadi ya lami anatangaza? Akiugeuzia uso ndani, atatazamana nao kutwa. Akiugeuzia nje, ana tangazo la mita mraba kadhaa kwa bidhaa ambayo haijafika dukani.

Kibao kisicholipiwa huchukuliwa na askari wa kaunti, kanjo kwa jina la mtaani, na kupelekwa bohari. Kukikomboa kuna faini, na pengine ada ya kuhifadhi inayohesabiwa kwa siku. Kilipokuwa mlangoni kilikuwa kero. Sasa kimelala chini ya vibao vingine, hakisomwi na mtu, na deni lake lakua kila kukicha. Mwenyewe akipiga hesabu huona nafuu kununua ubao mpya na mkebe wa rangi. Fundi hupata kazi, na idara hubaki na mkusanyiko wa "Viatu Hushonwa Hapa" ambao Makavazi ya Kitaifa hayana.